Kisanduku Kinachopima Chumba

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo umekufa. Mifuko arobaini na mbili ya saruji hadi ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nyapara amesema itatengenezwa kesho. Kesho ya nyapara haina jua wala mwezi.

Lakini leo silalamiki. Leo imeingia rekodi! Mama Chiriku, yaani mke wangu, ameituma kwenye simu. Kwaya ya shule, watoto hamsini, wimbo mmoja wa dakika nne. Binti yangu yumo. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipoota meno hajanyamaza. Nilimwacha nyumbani ana miaka sita, sasa ana kumi. Katikati ya wimbo wasichana watatu wanaimba peke yao, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na ubeti wake. Mmoja kati ya hao watatu ni wangu.

Yupi? Hapo ndipo penye kazi.

Na mimi nilishajibu. Kabla hata wimbo haujaisha nilishaandika: nimemsikia mwanangu, amenitoa machozi. Akanijibu Chiriku mwenyewe, kwa sauti yake. Vizuri baba, basi Jumapili nikipiga utaniambia nimeimba wa ngapi. Mama yake amekatazwa kusema.

Miaka minne naongea naye kila Jumapili. Sauti yake ya kuomba viatu naijua hata nikiwa chini ya maji. Ya kuimba sijawahi kuisikia. Nikikosea, mtoto atajua nimemdanganya. Atajua pia kwamba baba yake hamtambui. Hilo ni zito kuliko mifuko arobaini na mbili.

Nimesikiliza mara nane kwa mtambo wangu. Mtambo ni vyombo saba vimepandana kama ghorofa kando ya kitanda, pamoja na spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la tano. Sisi hukarabati nyumba za watu wenye nafasi, na watu wenye nafasi hutupa vitu. Nyapara akisema tupa, nasema ndiyo mzee, kisha natupa kuelekea chumbani tunamolala watu sita. Kuna amplifaya kubwa, na ndogo ya kuisaidia kubwa. Kuna deki ya kaseti. Kuna kisanduku chenye vitufe thelathini vya kupandisha na kushusha. Kuna kimoja sijui kazi yake, ila kinapata moto vizuri. Vyote nimeviunganisha, kwa imani kwamba sauti ikipita kwingi hutoka imeiva.

Inatoka inanguruma. Mmmmmm. Watoto hamsini ndani ya mzinga wa nyuki. Babu Sementi, mzee wetu wa kukoroga zege, sikio moja limeharibika, amesema wazee hao wanaimba vizuri sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu simu tupu bila mtambo. Wasichana wote watatu ni mbu. Nimejaribu vile vidude vya masikioni vya jirani. Kimoja kimekufa, na kwenye kile kizima wote watatu wana mafua.

Basi akili ikafanya kazi. Nimemwandikia Mama Chiriku, kijanja, kama mtu asiye na haja: mpe hongera huyo aliyeanza. Nikasubiri ashtuke. Akajibu: nimempa, ameshukuru. Hivi, hapo umeelewa nini? Nimesoma mara kumi. Yule mwanamke angekuwa askari, wezi wote wangeungama.

Usumbufu mwingine ni Mtaalamu. Huyu analala kitanda cha juu yangu. Ni saidia-fundi wa umeme, alisoma kozi ya miezi mitatu, na cheti amekibandika ukutani sawasawa na uso wangu, ili nikiamka nimwone kwanza yeye. Amesikiliza mara moja tu akatangaza kwamba wangu ni wa kwanza, maana anapotea sauti kama mimi ninapoimba nikinyoa ndevu. Nimemwambia hajui kitu. Ameniambia tuwekeane dau. Akipatia, nitamfulia ovaroli mwezi mzima. Akikosea, atanifulia mimi. Nimekubali palepale. Baadaye nikakumbuka ovaroli zake zilivyo.

Kisha akaongeza kwamba tatizo si sauti, tatizo ni mnara. Kaka, vyombo saba vya nini, wewe una kituo cha redio? Ondoa sita, kelele itaondoka.

Sasa maneno hayo amenikata maini. Nilikuwa nakaribia kuyafikiria mwenyewe. Haiwezekani tena.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo! Limekuja lenyewe nikikoroga plasta. Saruji, mchanga, maji. Vitu vitatu, na nyumba inasimama. Nani aliniambia vyombo saba? Nitapunguza mnara. Mtaalamu hahusiki.

Saa ya chakula nimekimbia hadi kwa Mama Spika. Huyu mama ana duka la vyombo vya muziki vilivyotumika, barabara ya nyuma ya tunapojenga. Haongei sana. Nikamweleza mambo yote, mpaka Chiriku. Akaingia ndani, akatoka na kisanduku kimoja chenye ukubwa wa matofali mawili. Akasema hiki kinafanya kazi ya vyako vyote saba. Halafu kina maikrofoni ndogo. Kinapiga mluzi, kinasikiliza chumba kinavyojibu, kisha kinarekebisha chumba.

Nikacheka sana. Nikamwambia mama, chumba narekebisha mimi, kwa mwiko na timazi, huu mwaka wa kumi na moja. Akaniangalia kama mtu anayeangalia waya uliokatika. Akasema ukuta wako unaweza kuwa wima, baba, na bado ukasema uongo. Kona hunenepesha sauti nzito. Kioo huikwaruza nyembamba. Sauti ikigonga huku na kule, mtu husikia chumba badala ya kumsikia anayeimba. Hiki kisanduku kinajua chumba kimeongeza nini, kinakipunguza.

Nikauliza kama kinahitaji mchanga. Hapana.

Tumekubaliana kubadilishana. Vyombo vyangu saba, pamoja na kumpigia plasta ukuta wake wa nyuma. Nikasema sawa, nikampa mkono. Kisha nikauliza ukuta gani. Akanionyesha. Nikajua kwa nini aliharakisha kunishika mkono. Ukuta ule, ukisimama chini yake, kofia inaanguka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeusafirisha mnara kwa toroli. Watu njiani wakaniuliza nahama. Babu Sementi amenisindikiza akishika kile chombo nisichojua kazi yake, kwa sababu anasema humpasha mikono moto asubuhi. Kukiacha kule dukani kulimtia simanzi. Mama Spika naye hakujua kazi yake.

Chumba kimebaki kitupu mpaka mama mwenye nyumba, anayekaa chini yetu, amepanda kuuliza nani amefariki.

Kisanduku kimekaa kwenye stuli, spika mbili kulia na kushoto, nyaya mbili tu. Mbili! Nimeona aibu kwa zile nyingine. Maelezo yameandikwa kwa lugha saba, yetu haimo. Picha zipo. Picha ya kwanza, mtu ameketi kwenye kochi anatabasamu. Hatuna kochi. Nimeiruka.

Mtaalamu amejitolea kukiwasha, eti ana cheti. Nimemwambia cheti chake ni cha kubadilisha taa. Akasema haya, na wewe pakaza udongo tuone kama kitawaka.

Kimewaka bila udongo na bila cheti. Kwenye kioo chake umetokea mstari unaopanda na kushuka kama milima. Nikajua hicho ndicho chumba chetu, na kwamba kimepinda. Basi kabla kisanduku hakijapima, nimeamua kukisaidia. Nikachukua pimamaji, nikaiweka sakafuni. Kiputo chake kikakimbia upande mmoja kama mwizi aliyeona askari. Vidole viwili chini! Nani alimwaga sakafu hii? Nimeinyanyua miguu ya vitanda vitatu kwa vipande vya vigae. Nimesimamisha magodoro mawili kwenye kona. Nimetundika blanketi la Mtaalamu dirishani ili kioo kisikwaruze.

Mtaalamu amerudi kutoka bafuni. Hakufurahi. Amesema kila mwenye kichaa ana siku yake ya kuanzia, na yangu ameishuhudia. Nimemwambia hii ni kwa faida ya chumba kizima. Akasema chumba hakina baridi, mwenye baridi ni yeye. Mwishowe nimerudisha blanketi, magodoro pia. Vigae vimebaki. Babu Sementi anasema sasa anateleza kuelekea ukutani, lakini hana ubaya.

Ijumaa, 8 Machi

Leo kupima! Baada ya kazi, wote sita tumo. Nimewaomba kimya, kwa adabu. Nimesimamisha maikrofoni juu ya fimbo ya ufagio, ufagio ndani ya ndoo ya mchanga. (Kumbe mchanga unahitajika. Mama Spika hajui kila kitu.)

Jaribio la kwanza. Babu Sementi akakohoa. Kisanduku kikaandika: kelele, rudia.

Jaribio la pili. Pampu ya maji ya mama mwenye nyumba ikaanza kupiga kwata huko chini. Kelele, rudia.

Jaribio la tatu. Kimya! Kimya kitamu. Mluzi ukaanza chini kabisa, ukawa unapanda. Ndipo Mtaalamu, juu kitandani, akaanza kufungua pakiti ya biskuti. Polepole. Kunjo moja, anasimama, kunjo jingine. Kwa heshima zote. Kelele, rudia.

Nimemwambia anafanya makusudi. Akasema kaka, binadamu hali? Nikasema binadamu hula biskuti, hasaidii karatasi kulia. Wengine wakacheka, na hiyo nayo ikaingia kwenye maikrofoni. Kelele, rudia. Kisanduku hiki kinasema kama nyapara.

Nimempigia Mama Spika. Kasema mambo mawili. Kwanza, kimya cha kweli. Pili, maikrofoni iwekwe pale sikio la msikilizaji linapokuwa, na chumba kiwe kama kilivyo siku zote mnaposikiliza. Kisha akauliza ukuta wake lini. Mtandao ukawa mbaya.

Jumamosi, 9 Machi

Nusu siku ya kazi. Tumerudi, tumekula, na kila mtu kitandani kama samaki waliotandazwa kuanikwa. Kimya. Babu Sementi hata hakoromi.

Mimi nimelala naangalia cheti cha Mtaalamu, mara nikaelewa. Chumba kiwe kama kilivyo siku zote! Na chumba hiki siku zote kikoje? Watu sita wamelala chali. Hatuna kochi, hatuna viti, ukiingia humu unalala. Na sikio la msikilizaji liko wapi? Kwenye mto. Wasikilizaji sita, mito sita!

Nikaamka kwa ncha za vidole. Nikaweka maikrofoni kwenye mto wa kwanza, kando ya kichwa cha mwenyewe. Nikabonyeza.

Mluzi ukaanzia tumboni ukapanda hadi paani. Mtaalamu akaruka kutoka juu, akavaa kofia ngumu, akakimbilia mlangoni akipiga kelele kwamba jukwaa linaanguka. Alikuwa na kofia na taulo tu. Ilinichukua dakika kumi kumrudisha na nyingine kumi kuacha kucheka. Kisha nikawasihi. Nikawaambia ukweli, kwamba Jumapili mtoto atapiga, na mimi sijui. Wakaniangalia. Kila mmoja humu ana mtoto mahali, au mama. Hata Mtaalamu akalala chali, mikono kifuani, kofia kichwani.

Mito sita. Mluzi baada ya mluzi. Kisanduku kikaandika: tayari.

Nikaweka wimbo. Jamani! Mngurumo umekwenda! Nasikia mwalimu anapiga makofi kuhesabu. Nasikia benchi linalia. Kuna mtoto amepiga chafya upande wa kushoto na mwingine amemzomea. Nyumba nzima ya shule imeingia chumbani, ikakaa kati ya vitanda.

Wakaruka kunipongeza. Wakasimama wote mbele ya spika, na muziki ukaingia ndani ya pipa. Nikapiga kelele: laleni! Wakalala. Muziki ukarudi. Nikamwambia mmoja aketi tu. Ukapinda. Alale. Ukanyooka.

Mtaalamu akaanza kucheka juu kule mpaka kitanda kikatikisika. Akasema kaka, umepima chumba chenye maiti sita. Sasa kisanduku kinataka maiti zake. Akasema pima upya, watu tukiwa tumeketi, ni dakika tano tu.

Nikamjibu kwamba kipimo ni kipimo. Fundi hapimi ukuta mara mbili kwa sababu mtu amesimama. Nimetoa amri: wimbo ukipigwa, hakuna kusimama. Babu Sementi amesema katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kupewa amri nzuri kama hiyo.

Halafu nikasikiliza wasichana watatu. Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, safi kama glasi iliyooshwa. Wote watatu nawasikia mpaka pumzi.

Na wote watatu ni watoto wa watu. Simjui hata mmoja.

Nimezima. Nimesema nina usingizi.

Jumapili, 10 Machi

Chiriku hupiga saa kumi kamili. Tangu saa nane tumelala. Tumepiga kura. Wawili wamesema wa kwanza, wawili wa tatu, Babu Sementi amesema yeye hakusikia mwanamke yeyote. Kura ya sita ni yangu, na mimi sina.

Tukaupiga wimbo tena. Na tena. Saa kumi kasoro dakika kumi nikafumba macho. Safari hii nikaacha kuzifuata sauti zilivyo tamu. Nikafuata makofi ya mwalimu. Moja, mbili, tatu, nne, msichana wa kwanza anaingia. Amesubiri vizuri. Kiitikio. Moja, mbili, tatu...

Wa pili ameshaingia!

Nimerudisha nyuma. Moja, mbili, tatu, huyo! Watoto wenzake bado wanamalizia kiitikio, mwalimu bado anahesabu, yeye yumo ndani ya ubeti anakwenda zake kama mtu aliyeona mlango wazi. Mwalimu makofi yamempotea. Yeye hana habari.

Hakuna kwetu anayesubiri nne. Mama yangu hakusubiri chai ipoe. Mimi nilizaliwa njiani kuelekea hospitali.

Nimenyanyuka nikipiga kelele WA PILI, na paji la uso likapiga ubao wa kitanda cha Mtaalamu. Nikaona nyota. Na simu ikalia.

Hakusalimia. Aliuliza tu, wa ngapi. Chumba kizima kimelala chali. Nikasema wa pili, mwanangu.

Akauliza nani kaniambia. Kabla sijajibu, Mtaalamu akapayuka kutoka juu: mashine ndiyo imemwambia, binti! Nilitamani kumkaba. Sauti ya Chiriku ikashuka. Akasema aah. Kumbe ni mashine.

Nikamwambia hapana, sikiliza. Mashine imeondoa kelele tu. Nilikuwa sikujui, na Jumatatu nilikudanganya, na uliponijibu nikaona haya kukiri. Leo nimekujua kwa sababu umeingia kabla ya zamu.

Akacheka! Akaanza kusema yote kwa mkupuo, kwamba mwalimu amemgombeza kwa hilohilo, kwamba wenzake wawili wamemnunia wiki nzima, eti ameharibu wimbo, na yeye hata hakujua ameingia mapema, wimbo si ulikuwa wake? Nikamwambia hujaharibu kitu. Ungesubiri, baba yako asingekujua. Akasema basi nitamwambia mwalimu hivyo kesho. Mungu amsaidie mwalimu.

Mama yake akachukua simu. Akauliza kwa nini sikusema tangu Jumatatu kwamba sijui, yakaisha. Mtandao ukawa mbaya.

Nilipokata, hakuna aliyeamka. Kila mtu chali, anaangalia dari. Mtaalamu akasema kwa sauti ndogo kwamba ovaroli nimwekee mlangoni, atazifua. Kisha akaomba wimbo urudiwe.

Jumatatu, 11 Machi

Uvimbe kwenye paji, mkubwa kama kitunguu. Lifti bado mbovu. Mifuko thelathini na tisa. Nimeibeba nikiimba ubeti wa pili.

Nimetafakari yaliyotokea wiki hii, kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeona kwamba sifa zote ni za kisanduku, na za mimi niliyejua kupima nacho. Mtaalamu anasema kilichosaidia ni kwamba watu sita walifunga midomo kwa saa mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea humu. Husuda. Na bado anataka nipime upya watu wakiwa wameketi. Sitagusa kipimo kilichoniletea mtoto wangu.

Jioni mama mwenye nyumba amepanda kuuliza ule muziki mzuri wa jana ulitoka wapi, maana umeshuka kwake mpaka akaacha kupiga pasi. Tulikuwa tunasikiliza. Babu Sementi akamwambia alale au atoke. Nilidhani atatufukuza. Akacheka, akasikilizia mlangoni. Kisha akasema sebule yake ina mwangwi, redio inasema kila kitu mara mbili, na Jumamosi dada zake wanakuja na anatamani muziki, sijui kisanduku kile kinaweza...

Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Saa kumi, Jumamosi. Nimeshamweleza masharti. Zulia lake lifagiliwe, meza itoke, watu sita wa chumbani kwetu walale chali, vichwa upande wa dirisha, tangu dada wa kwanza anapoingia mpaka wa mwisho anapoaga. Ameuliza wageni watapita wapi. Nimemwambia watawavuka tu, hao wa sakafuni wamezoea.

Wenzangu watano bado sijawaambia.